Tembo Niliyemfuta

Simu iliita nikiwa mezani katika nyumba ya wageni pale Mugumu, chai bado ya moto, chapati sijaigusa. Alikuwa daktari wa mifugo wa timu yetu, mtu mtulivu ambaye hata ng'ombe akimpiga teke huguna tu na kuendelea na kazi. Asubuhi hiyo alikuwa anahema.

"Uko wapi?"

"Nakunywa chai."

"Tembo wameingia kijijini alfajiri. Wamemuumiza msimamizi wa birika."

"Birika lipi?"

"Kwani tuna mangapi?"

Tulikuwa nalo moja. Lilikuwa birika la saruji la kunyweshea mifugo, refu kama basi dogo, na mradi wetu wa utafiti ulikuwa umelijenga miezi mitano kabla, pembeni mwa kijiji kimoja upande wa bwawa la Manchira. Tulitaka ng'ombe waache kushuka bwawani na kuchafua maji ambayo mji mzima wa Mugumu unayategemea. Wanakijiji walimchagua mzee mmoja wa miaka hamsini na kitu awe anafungua koki asubuhi na kuifunga jioni. Ndiye aliyeumizwa.

Ningependa kusema kwamba kitu cha kwanza kilichonijia ni huruma, lakini huruma ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni hofu. Ndani ya kompyuta yangu kulikuwa na mchoro, na mimi nilijua ni kitu gani nilikifuta kwenye mchoro ule.

Mimi ni mzaliwa wa Matongo, Tarime. Nyumbani tulilima mahindi na mihogo, baba alikuwa na ng'ombe, na kaka zangu walipopata nguvu za mikono wakaingia kwenye machimbo ya dhahabu kama vijana wengi wa kwetu. Mimi nilikuwa binti mwoga kupita kiasi. Niliogopa radi, niliogopa fahali wa jirani, na zaidi niliogopa mashimo. Kaka yangu mkubwa aliposhuka shimoni nilikuwa nahesabu kwa sauti ya chini mpaka atoke, na kama hesabu ilipita mia tano kabla hajatoka, nilianza kulia. Walimu waliona nina kichwa cha hesabu. Hakuna aliyejua kichwa hicho kilipata mazoezi wapi.

Nilipofika chuo kikuu nilisoma hisabati, kisha nikaangukia kwenye kitu kinachoitwa sayansi ya mifumo. Mama aliponiuliza ni kazi ya namna gani, nilimwambia ni kuangalia jinsi vitu vinavyovutana: mvua inavyovuta majani, majani yanavyovuta ng'ombe, ng'ombe wanavyovuta magonjwa, magonjwa yanavyorudi kwa watu. Mama akafikiri, akauliza, "Na wewe hapo unavuta nini?" Nikacheka. Ukweli ni kwamba niliipenda kazi ile kwa sababu ya woga wangu uleule. Niliamini mtu akiunganisha vitu vyote vizuri kwa mishale, ataona jambo baya likija kabla halijafika.

Kazi ya kuchanganya taaluma si rahisi kama inavyoandikwa kwenye maombi ya fedha. Timu yetu ilikuwa na daktari wa mifugo, mtaalamu wa maji, mama mmoja wa elimu ya jamii, mtaalamu wa wanyamapori, na mimi mwenye mishale. Mwaka wa kwanza karibu wote tulibishana juu ya neno moja. Daktari wa mifugo akisikia "mfumo" anafikiria tumbo la ng'ombe. Mtaalamu wa maji anafikiria mabomba. Mama wa elimu ya jamii alisema mfumo ni nani ana sauti na nani hana. Mimi ndiye nilitakiwa kuwaweka wote kwenye karatasi moja, kwa hiyo kila mmoja alikuwa anakuja kwangu na kipande chake, na kila mmoja aliondoka akiona kipande chake kimepunguzwa.

Mtaalamu wa wanyamapori alikuwa amewahi kuwa askari wa porini kabla hajasoma. Hakuwa mtu wa maneno. Siku moja tulipobandika mchoro ukutani, alichukua kikaratasi cha njano, akaandika "Tembo?" akakibandika pembeni ya kisanduku cha birika. Alifunga kalamu akaketi.

Nilijaribu kumwingiza tembo kwenye modeli, yaani hesabu za kompyuta zinazoufuata mchoro. Sikuwa na takwimu zake za kutosha. Wanapita wapi, mara ngapi, kiu yao kiangazi ikoje, vyote hivyo nilibahatisha. Na kila nilipobahatisha, mistari kwenye kompyuta ilirukaruka haitulii, mara birika ni jambo jema, mara ni balaa. Zilikuwa zimebaki siku chache tuwasilishe mapendekezo yetu. Yule mwenzetu wa wanyamapori alikuwa tayari amepata kazi sehemu nyingine na ameondoka. Nikakitoa kisanduku cha tembo. Nilibonyeza kitufe kimoja, nikaangalia mistari ikitulia na kuinama vizuri kama mtu anayelala. Mchoro ukapendeza. Watu waliusifia sana, na mimi nilisifiwa pamoja nao.

Hayo yote yalinipitia kichwani kabla chai haijapoa.

Hospitalini nilimkuta mke wa mgonjwa amekaa kwenye mkeka nje ya wodi, kitenge kikiwa na madoa makavu ya damu. Nikamwamkia. Akaitikia vizuri tu, akasogea nikae. Aliniambia kwamba mumewe alikwenda kufungua koki kunaanza kupambazuka. Aliona miili mikubwa kwenye birika akadhani ng'ombe wa jirani wametoroka zizini. Alipopiga mluzi kuwafukuza, mmoja akageuka. Alikuwa tembo jike mwenye ndama. Mzee alikimbia, akaanguka, na yule tembo akamsukuma kwa kichwa mara mbili kama anayesukuma gogo, kisha akamwacha kwa sababu ndama alikuwa ameshaondoka na wenzake.

"Nyonga imevunjika," akasema. "Na mbavu. Lakini anaongea."

Nikaingia. Nesi alinisalimu, "Karibu dokta," na mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kunieleza kikohozi chake. Ilibidi nimwambie mimi si daktari wa dawa, udaktari wangu ni wa hesabu. Akaniangalia kama mtu aliyedanganywa. Nilitamani kutoka.

Msimamizi alikuwa amelala chali, uso umevimba upande mmoja. Huyu mzee tulifanya kazi pamoja miezi mingi. Alikuwa ananiita "mwalimu wa mishale", na alikuwa anapenda kuuliza kila mshale unatoka wapi. Nilimpa pole. Alifumba macho kuipokea, akayafumbua.

"Mwalimu," akasema, "nikuulize kitu. Mlijua?"

"Tulijua nini, mzee?"

"Kwamba watakuja kunywa pale."

Ningeweza kusema mambo mengi ya kweli nusu. Kwamba hakuna anayejua kwa uhakika. Kwamba tulikuwa na wasiwasi kidogo. Lakini woga hauna subira ya kutunga.

"Hapana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama aliyeridhika, akafumba macho tena.

Mchana huo nikampigia simu mkuu wa mradi, profesa wangu, aliyekuwa chuoni. Ndiye aliyenilea kitaaluma, na ndiye aliyekuwa anaandika barua ya kunipendekeza nipandishwe cheo. Nilimweleza kuhusu ajali. Nilimweleza pia kuhusu kikaratasi cha njano.

"Tembo wanaingia vijiji vya Serengeti tangu wewe hujazaliwa," akasema. "Wangekuja tu."

"Wangekuja mashambani. Pale kwenye birika tuliwaita sisi."

"Una ushahidi?"

"Sina."

"Basi andika taarifa fupi. Andika kilichotokea, usiandike unachohisi. Na hiyo habari ya kikaratasi iache. Tusiharibu kazi ya watu sita kwa sababu ya alama ya kuuliza."

Nilisema sawa. Nikaandika taarifa fupi.

Siku zilizofuata sikuwa mtu wa kawaida. Nikisikia hatua kwenye korido ya nyumba ya wageni, nilidhani ni mtu wa kijijini amekuja kuniuliza. Nilimpigia yule mwenzetu wa wanyamapori kule alikohamia. Alipopokea, hata salamu hakumaliza.

"Nilikuwa najiuliza utapiga lini."

"Umesikia?"

"Nimesikia. Uliniondoa wapi, kwenye mchoro au kwenye ripoti pia?"

"Kote."

Nikasikia anavuta pumzi. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kiangazi bado hakijakolea, na kwamba tembo wakishajua mahali pa maji hawasahau, wanafundishana. "Hao bado watakuja," akasema. "Nani anafungua koki sasa?"

Sikujua. Na sikuwa nimejiuliza. Siku nne nzima nilikuwa nimejifikiria mimi, cheo changu, barua ya profesa, uso wangu mbele za watu, na sikuuliza swali hilo moja. Ng'ombe walikuwa wameshakatazwa kushuka bwawani, hiyo ilikuwa sehemu ya mapendekezo yetu. Kwa vyovyote lazima kuna mtu alikuwa anafungua maji.

Nilichukua bodaboda mpaka kijijini. Nyumbani kwa msimamizi nilimkuta mkewe anachambua maharage.

"Mama, koki anafungua nani?"

"Mimi," akasema. "Nani mwingine? Funguo ziko kwangu."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Hospitali nakwenda mchana," akaendelea. "Asubuhi nafungua, jioni nafunga. Saa hii nataka niende nikafunge kabla jua halijashuka sana. Twende unisindikize."

Sikutaka. Nilitafuta sababu, nikaikosa, nikamfuata. Ilikuwa yapata saa kumi na moja jioni. Njia ilipita kwenye shamba la mtama lililokanyagwa, mabua yamelala upande mmoja. Yeye alitembea mbele haraka, ndara zikipiga visigino, akinieleza bei ya dawa na jinsi mumewe asivyopenda uji wa hospitali. Mimi nilikuwa natazama kila kichaka.

Birikani hapakuwa na kitu. Ng'ombe walikuwa wameshaondoka, alama za kwato zao zimejaa maji kwenye tope. Yule mama aliinama kwenye koki iliyokuwa chini ya mnara wa tangi, na koki ilikuwa ngumu, akawa anaizungusha kwa mikono miwili. Mimi nilisimama nyuma yake. Hapo nikasikia kijiti kinakatika.

Nilipogeuka niliona paji la uso. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka: siyo tembo mzima, paji la uso tu, la rangi ya udongo, juu kuliko vichaka. Kisha la pili. Hawakupiga kelele yoyote. Mtu asiyewaona angesema ni upepo.

Mama alinishika mkono, akanivuta nyuma ya nguzo za mnara, kati ya nguzo na ukuta wa tofali uliobaki wakati wa ujenzi. Palitutosha kwa shida. Akaninong'oneza sikioni, "Usikimbie."

Nisingeweza kukimbia hata kama ningetaka. Walikuja saba. Waliteremka kutoka upande wa kilima kwa mstari ulionyooka kabisa, wakafika birikani na kujipanga pande zote mbili, na wadogo wakapewa nafasi katikati. Nilisikia maji yakifyonzwa, kisha yakimwagwa kooni, kama mtu anamimina ndoo kwenye pipa. Nilisikia matumbo yao yakinguruma. Nilisikia harufu yao, ya majani yaliyochachuka na udongo. Mmoja alinyoosha mkonga upande wetu, ncha ikapindapinda hewani, ikapapasa upepo. Jasho lilikuwa linanitiririka ndani ya blauzi na nikawa na hakika kwamba anausikia moyo wangu. Vidole vya yule mama vilikuwa vimezama mkononi mwangu. Nilianza kuhesabu kwa ndani, moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimezidi sana mia tano walipoanza kuondoka.

Tuliendelea kusimama pale hata baada ya kichaka cha mwisho kutulia. Kisha mama akarudi kwenye koki, akamalizia kuifunga.

"Twende," akasema. "Maharage nimeyaacha nje."

Tulitembea. Nilimtazama mgongo wake mwembamba, kitenge kimefungwa kwa fundo, na nikajua kwamba kesho alfajiri atarudi pale peke yake kwa sababu ya mstari niliouacha utulie kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeogopa tembo. Lakini nilipofungua mdomo niliogopa zaidi.

"Mama, simama kidogo. Mzee aliniuliza kama tulijua. Nilimwambia hapana. Nilidanganya."

Akageuka. "Ulijua nini?"

Nikamweleza pale njiani, kwa Kiswahili cha kawaida, bila visanduku wala mishale. Kwamba mwenzetu mmoja alionya. Kwamba niliweka onyo lake, kazi ikawa ngumu, nikalitoa. Kwamba kama nisingelitoa, huenda birika lingejengwa kwingine.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti.

"Mimi usiniambie," akasema. "Kamwambie mwenyewe."

Akaniacha, akaenda zake nyumbani. Sikuthubutu kumfuata. Nilisimama njiani mpaka bodaboda aliyenileta akaja kunitafuta.

Kesho yake nilikuwa wodini kabla ya daktari kupita. Msimamizi alikuwa amekalishwa kidogo, uvimbe umepungua. Nikasema bila kukaa, maana nilijua nikikaa sitasema.

"Uliniuliza kama tulijua, mzee."

"Nilikuuliza."

"Nikasema hapana."

"Ukasema hapana."

"Nilijua kwamba inawezekana. Niliambiwa, nikanyamaza."

Yule wa kitanda cha pili alikuwa ameacha hata kukohoa.

"Unajua nimelala hapa nikifanya nini?" akasema mzee. "Najilaumu. Nasema labda nilichelewa. Labda nilipiga mluzi vibaya. Labda nilitakiwa kusikia harufu. Mimi mtu mzima, nimechunga huku tangu mdogo, nashindwaje kutofautisha tembo na ng'ombe? Siku zote hizi nimejiona mjinga. Na wewe ukawa unajua."

Nikasema samahani. Neno lilitoka dogo sana.

"Siku ile nilipouliza," akasema, "ungeniambia siku ile."

Akageuzia uso ukutani, na kule kugeuka kulimuuma, maana nilimwona anakunja sura. Nilidhani amemaliza. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mke wangu asiende pale tena. Kawaambie wenzangu kijijini. Yote, kama ulivyoniambia mimi."

Mkutano uliitishwa baada ya siku mbili, nyuma ya ofisi ya kijiji, watu wamekaa kwenye mabenchi ya shule na wengine kwenye nyasi. Daktari wa mifugo alikuja na mimi. Njiani nilimwambia asimamishe gari, nikatapika kando ya barabara, nikasukutua mdomo kwa maji ya chupa. Alinipa tu kitambaa.

Nilikuwa nimewahi kuzungumza mbele ya maprofesa wa nchi kadhaa. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Mwenyekiti alinikaribisha, nikasimama, nikasema. Mwalimu mmoja alikuwa anatafsiri kwa wazee waliokaa mbele, na hilo lilinitesa zaidi, kwa sababu kila kosa langu nililisikia mara mbili, mara ya pili kwa lugha nisiyoielewa vizuri, kisha naona nyuso zinabadilika.

Mwanamume mmoja akasimama. "Kwa hiyo sisi tulikuwa majaribio?"

"Hapana," nikaanza, kisha nikasita. "Sikukusudia hivyo. Lakini mliobeba hatari ni ninyi, na hamkuambiwa."

Palichafuka. Kuna aliyesema tuondoke na birika letu. Kuna aliyesema nipelekwe polisi. Kijana mmoja akanisogelea, akanyoosha kidole karibu na uso wangu, akasema maneno ambayo mwalimu hakuyatafsiri. Daktari wa mifugo akasimama kando yangu. Nilidhani anataka kunikinga. Akasema, "Hata mimi nilikiona kile kikaratasi. Kilikaa ukutani wiki nzima. Sikuuliza kimekwenda wapi." Kisha akakaa.

Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele, fimbo mapajani, alisubiri kelele zipungue. Akauliza kwa Kiswahili, akiniangalia mimi. "Maji yanafungwa leo au kesho?"

"Leo, bibi. Mkikubali."

"Na ng'ombe watakunywa wapi?"

Sikujua. Nikasema sijui. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilisema neno hilo katika kijiji kile. Basi wakaanza kusemezana wenyewe, na nikaachwa nimesimama kama mti. Walitaja lambo la zamani upande wa pili, lililojaa tope, ambalo likichimbuliwa lingeshika maji hadi mvua. Walibishana nani achimbue. Walitaja njia ambazo tembo hawapiti kwa sababu kuna nyumba na mbwa. Mambo yote niliyokuwa nimeyakosa kwenye takwimu zangu yalikuwa yanazungumzwa pale, kwa sauti ya juu, na watu waliokuwa bado wamenikasirikia. Koki ilifungwa jioni ile ile na vijana sita waliokwenda pamoja.

Kabla ya kurudi chuoni nilipitia nyumbani, Matongo. Nilikuwa namwogopa profesa na nilitaka siku moja ya kutoogopa. Mama alinitazama nikishuka kwenye bodaboda.

"Umekonda," akasema.

Nikamweleza yote tukiwa jikoni. Alikoroga ugali bila kunikatiza. Mwishoni akauliza, "Huyo mama alikushika mkono mlipokuwa mmejificha?"

"Alinishika."

"Na bado hukuwa umemwambia."

"Bado."

Akapakua ugali.

Chuoni mambo hayakuwa mabaya kama nilivyokuwa nimeogopa, na hayakuwa mazuri. Profesa alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa, akaniambia nimemwaibisha. Niliandika taarifa nyingine, ndefu, yenye kikaratasi cha njano na jina la aliyemfuta tembo. Ile barua ya kunipendekeza haikuandikwa. Uongozi wa kipande changu cha mradi akapewa mtu mwingine, na cheo nilichokuwa nacho wakati ule ndicho ninacho leo. Profesa na mimi tukawa tunasalimiana tu kwenye korido. Alistaafu mwaka jana, nilimchangia zawadi kama wengine.

Birika lilivunjwa. Jipya lilijengwa katikati ya makazi, mahali palipochaguliwa na wanakijiji, na linamwagwa likauke kabla ya jioni. Tembo hawajawahi kufika pale. Mashambani wanafika bado, na kila kiangazi nasikia habari zinazonikosesha raha. Siwezi kudai tumelimaliza jambo.

Msimamizi alilala hospitali wiki nyingi. Sasa anatembea na fimbo, mguu mmoja mfupi kidogo. Kwa mwaka mzima hakupokea simu zangu. Mkewe ndiye alikuwa akipokea, ananijibu kwa ufupi kwamba anaendelea vizuri, anakata. Nilikuwa napiga hata hivyo.

Tulipoanza utafiti mwingine, wa malisho safari hii, nilimwandikia mwenyekiti wa kijiji kuomba msimamizi akae kwenye timu yetu. Jibu lilikuja kwa mdomo wa mke wa msimamizi: mzee atakuja, lakini lazima auone mchoro kabla ya mtu mwingine yeyote kuuona.

Akaja Mugumu kwa basi la asubuhi. Tulikuwa wawili tu ndani ya ukumbi mdogo tuliokuwa tumeukodi. Aliitikia shikamoo yangu, hakuniita mwalimu. Nilikuwa nimebandika karatasi ukutani. Alizunguka polepole na fimbo yake, akisoma kisanduku kimoja kimoja, midomo ikicheza. Alichukua muda mrefu. Kisha akagonga karatasi kwa ncha ya fimbo, mahali nilipoandika "nyasi".

"Huu mshale umetoka wapi?"

Nikamweleza.

"Si kweli," akasema. "Mwezi wa tisa hapo hakuna nyasi. Nani alikuambia?"

Nikamwambia ni picha za setilaiti. Akasema hizo picha zimeona majani ya vichaka, ambayo ng'ombe hawayali. Nikabisha kidogo. Akabisha zaidi. Akavuta kiti, akakaa kwa shida, mguu ameunyoosha, akaniambia nichukue kalamu. Tulibishana mpaka mchana, na mchoro ukaharibika vibaya, na mimi nikaandika kila alichosema.